Fumbo na Ufunguo Wake: Udhibiti, Televisheni na Ualimu wa Uandishi katika Maisha ya Kazi ya Rod Serling

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha ya kazi ya Rod Serling (1924–1975), mwandishi wa Kimarekani wa tamthilia za televisheni ambaye pia alifundisha uandishi vyuoni. Ni kawaida kumsifu Serling kwa namna alivyowapiga chenga wadhamini wa kibiashara kwa kuhamishia masuala ya ubaguzi na chuki katika hadithi za ajabu. Makala inaihoji sifa hiyo kwa kutumia dhana ya fumbo kama inavyoeleweka katika utamaduni wa Waswahili, ambamo fumbo lina pande tatu: msemaji, mlengwa na mashahidi. Hoja kuu ni kwamba fumbo la Serling lilimshinda mdhamini, lakini mara nyingi lilimwachilia huru mlengwa pia. Na kwamba katika miaka ya mwisho ya The Twilight Zone mwandishi huyu alijaribu kulirekebisha kosa hilo kwa kurudisha majina ya mahali aliyokuwa amenyang'anywa. Makala inamalizia kwa kutazama nini mwalimu wa uandishi wa Kiswahili anaweza kujifunza kutokana na safari hiyo.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii huchukuliwa kuwa ni sifa ya mwerevu, lakini ukiitazama kwa makini utaona kuwa inaeleza sharti la fumbo lenyewe. Fumbo ambalo halina mwerevu wa kuligangua si fumbo, ni kimya kilichopambwa. Kwa hiyo kila tunapokutana na mwandishi anayesifiwa kwa kufumba, hatupaswi kuuliza tu alificha nini na kwa ustadi gani. Tunapaswa kuuliza pia alimficha nani, na ufunguo aliuacha mikononi mwa nani.

Swali hili lina uzito katika madarasa yetu ya fasihi. Tumezoea kufundisha fumbo, istiari na taashira kama mapambo ya lugha ambayo mwanafunzi huyatambua, huyataja na kuyatolea mfano. Ni nadra kumwonyesha gharama yake. Maisha ya Rod Serling yanatupa nafasi ya kuiona gharama hiyo waziwazi, kwa sababu aliandika kwa uwazi kwanza, akakatwa, kisha akafumba, na mwishowe akaingia darasani kufundisha. Aidha, yeye mwenyewe alieleza hadharani kilichokatwa na aliyekikata. Ni wachache miongoni mwa waandishi wa televisheni waliotuachia ushahidi kamili kiasi hicho.

Makala hii haikusudii kueleza kazi zake zote. Itashughulikia tamthilia chache za miaka ya 1955 hadi 1964, kisha itagusia ualimu wake.

2.0 Kutoka Vitani hadi Studioni

Serling alizaliwa Syracuse, katika jimbo la New York, tarehe 25 Desemba 1924, katika familia ya Kiyahudi, akalelewa katika mji mdogo wa Binghamton. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari wa miavuli nchini Ufilipino, ambako alijeruhiwa. Baada ya vita alisoma katika Chuo cha Antioch, Ohio, kwa msaada wa serikali uliotolewa kwa askari waliorejea, akahitimu mwaka 1950. Alianza kuandikia redio, kisha televisheni, akiwa Cincinnati.

Televisheni ya wakati huo ilikuwa tofauti na tuijuayo leo. Tamthilia nyingi zilichezwa studioni na kurushwa hewani papo hapo. Hapakuwa na nafasi ya kurudia kosa. Kila mfululizo wa tamthilia ulikuwa na mdhamini wake, na mara nyingi jina la mdhamini ndilo lililokuwa jina la mfululizo. Patterns, tamthilia iliyomtoa Serling gizani, ilirushwa tarehe 12 Januari 1955 katika mfululizo wa Kraft, kampuni ya vyakula. Inahusu ofisi ya kampuni kubwa ambamo mkurugenzi anamdhalilisha msaidizi mzee mpaka amvunje, ili kijana achukue nafasi yake. Watazamaji waliipokea kwa shauku kubwa hata wachezaji wakaitwa kuicheza upya mwezi uliofuata, jambo ambalo halikuwa desturi. Mwaka 1956 ilifuata Requiem for a Heavyweight, kisa cha bondia aliyechakaa ambaye hana ujuzi mwingine wa kuuza ila mwili wake. Tamthilia zote mbili zilimpa tuzo ya Emmy. Hadi mwisho wa maisha yake alizipata sita.

Jambo la kuzingatia katika kazi hizi za mwanzo ni uwazi wake. Ofisi ni ofisi, bondia ni bondia. Mtazamaji hahitaji kutafsiri chochote. Mdhamini naye hakupata sababu ya kuhofia, kwa kuwa maonevu yanayoonyeshwa ni ya watu wasio na jimbo wala rangi ya kutajwa. Kikwazo kilijitokeza pale Serling alipotaka kutaja mahali.

3.0 Mkono wa Mdhamini

Mwezi Agosti 1955 Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuwa akiwatembelea jamaa zake Mississippi, aliuawa kikatili na wanaume weupe. Wawili walioshtakiwa waliachiliwa na baraza la wazee wa mahakama lililokuwa na wanaume weupe watupu, baada ya majadiliano ya saa moja hivi. Miezi michache baadaye wawili hao walikiri mauaji katika gazeti la Look, wakijua kuwa sheria haiwezi kuwashtaki tena kwa kosa hilohilo.

Serling alitaka kuandika kuhusu kisa hiki, au kwa usahihi zaidi, kuhusu mji unaowalinda wauaji kwa sababu ni wana wa mji. Tamthilia yake, Noon on Doomsday, ilirushwa tarehe 25 Aprili 1956 katika mfululizo uliodhaminiwa na kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Hata kabla ya mdhamini kuingilia kati, mwandishi alikuwa amejikata mwenyewe: aliyeuawa hakuwa tena mvulana mweusi, alikuwa mzee Myahudi mwenye duka la rehani. Lakini habari zilipoenea kuwa kisa kinafanana na cha Till, na vyama vya wabaguzi wa kusini vikatishia kususia bidhaa, makato mengine yakafuata. Mji ulihamishwa kutoka kusini hadi New England, kaskazini kabisa. Marehemu akawa mgeni asiyejulikana ni wa asili gani. Serling alisimulia kuwa hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa jukwaani, kwa hofu kuwa zingemkumbusha mtazamaji majimbo ya kusini.

Mfano wa chupa hizo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, lakini kwa mhakiki una maana nzito. Mdhibiti alielewa jambo ambalo wanafunzi wetu wa fasihi huchelewa kulielewa: mandhari ni shutuma. Hakuhitaji kubadili msuko wala dhamira. Alihitaji tu kuondoa kila kitu kinachojibu swali "wapi?" Akishafanya hivyo, chuki iliyobaki kwenye skrini ilikuwa chuki ya wanadamu wote, na chuki ya wanadamu wote haina mwenyewe.

Serling alijaribu tena. A Town Has Turned to Dust, iliyorushwa mwezi Juni 1958 katika Playhouse 90, ilirudi kwenye kisa kilekile cha mtu kuuawa na umati. Safari hii kisa kilirudishwa nyuma hadi karne ya 19, katika mji wa jangwani wa kusini-magharibi, na aliyeuawa akawa kijana wa Kimeksiko. Pamoja na mahali, wakati nao ukawa umeondolewa. Tamthilia ina nguvu katika baadhi ya maonyesho, hasa pale mkuu wa polisi anapojiona mwoga mbele ya umati. Lakini mtazamaji wa mwaka 1958 angeweza kuizima televisheni na kujiambia kuwa watu wa zamani walikuwa wakatili.

Tamthilia nyingine ya wakati huo, The Arena ya mwaka 1956, ilihusu wabunge wa Seneti ya Marekani ambao hawakuruhusiwa kuzungumzia suala lolote la kweli lililokuwa mbele ya Seneti. Serling alipochapisha miswada yake minne mwaka 1957, pamoja na maelezo marefu kuhusu kazi ya uandishi, alisema kuwa pengine angepata tamthilia iliyokomaa zaidi kama angeipeleka miaka mia moja mbele, akaijaza Seneti mashine zenye umbo la watu. Maneno haya yalisemwa kwa kejeli. Miaka miwili baadaye yalikuwa mpango wa kazi.

4.0 Fumbo la The Twilight Zone

The Twilight Zone ilianza kurushwa na CBS tarehe 2 Oktoba 1959 na ikaisha mwaka 1964. Ina vipindi 156, na kati ya hivyo Serling aliandika 92. Siku chache kabla ya kuanza, katika mahojiano na Mike Wallace, alidokeza kuwa amechoka kupigana na wadhamini na kwamba mfululizo mpya hautaingia katika masuala yanayozua ugomvi. Tukio hili limefasiriwa mara nyingi kama hila: aliwahakikishia wenye fedha kuwa anaandika hadithi za majini na vyombo vya angani, kumbe ndani yake alizika kila walichomkataza. Fasiri hii ina ukweli, lakini inasimama kwenye nusu ya jambo. Inaeleza namna fumbo lilivyompita mdhamini. Haielezi lilifika wapi baada ya kumpita.

4.1 Fumbo lenye pande tatu

Ili kulijibu hilo, turejee kwetu kidogo. Katika mazungumzo ya Waswahili fumbo lina pande tatu: anayelisema, anayelengwa, na wanaoshuhudia. Mwanamke anayevaa kanga yenye maneno ya kumpasha jirani hamfichi jirani huyo. Kinyume chake, anataka aelewe, na wapitao waelewe kuwa ameelewa. Kinachofichwa ni ushahidi tu. Akiulizwa, atasema ni kanga tu aliyoinunua dukani. Ndivyo kilivyo pia kijembe cha barazani, na ndivyo yalivyokuwa mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa kuhusu siasa za enzi yake: wasikilizaji walijua anayepigwa. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa wazi Kenya: Twendapi?, aliandika gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Msomaji aliyejua mshairi anaandikia wapi hakupata shida kumtambua mnyama anayetajwa katika shairi la "Mamba". Katika mifano yote hii fumbo linauma kwa sababu mlengwa analijua, mashahidi wanalijua, na hakuna anayeweza kulithibitisha.

Sasa tuutumie mpangilio huu kwa The Monsters Are Due on Maple Street, iliyorushwa tarehe 4 Machi 1960, ambayo huenda ndiyo inayofundishwa zaidi shuleni miongoni mwa kazi zote za Serling. Katika mtaa mtulivu umeme unazimika, simu zinakufa, magari hayawaki. Mvulana mmoja anasema amesoma hadithi ambamo viumbe wa sayari nyingine hutanguliza familia inayofanana na binadamu. Jioni hiyo majirani wanaanza kutazamana kwa jicho la shaka. Gari la mmoja linawaka lenyewe, naye anakuwa mshukiwa. Huyohuyo huonekana usiku akitazama nyota, na shaka dhidi yake inazidi. Mwishowe mtu anapigwa risasi gizani, na kumbe alikuwa jirani aliyekwenda kutazama hali ya mtaa wa pili. Juu ya kilima viumbe wa kigeni wanatazama na kuambizana kuwa hawahitaji silaha. Wanahitaji kuzima taa tu.

Kipindi hiki kimesukwa kwa ustadi mkubwa. Kila shutuma inazaa nyingine, na kila anayeshutumu ndiye anayefuata kushutumiwa. Lakini mlengwa wake ni nani? Wakazi wote wa mtaa ni weupe wa tabaka la kati; hakuna miongoni mwao mgeni wa kweli ambaye chuki ya mtaa ingekuwa na historia dhidi yake. Shaka inazaliwa jioni ileile na chanzo chake kiko angani. Mtazamaji aliyeshiriki katika kumfukuza jirani mweusi kutoka mtaa wa namna hiyo angeweza kuitazama tamthilia hii, akaipenda, akalala usingizi. Angejifunza kuwa woga ni mbaya. Asingejifunza kuwa ametajwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Fumbo la kanga humficha msemaji na kumfichua mlengwa. Fumbo la Maple Street linamficha msemaji, na linamficha mlengwa pamoja naye. Mdhamini alikuwa mjinga wa methali, lakini mwerevu hakuwa na uhakika kuwa ameitwa.

4.2 Msimulizi kama mshika ufunguo

Hoja hii inatusaidia kueleza kipengele cha mtindo ambacho watu hukikumbuka zaidi kwa Serling: msimulizi. Katika msimu wa kwanza sauti yake ndiyo iliyosikika. Kuanzia msimu wa pili alisimama mwenyewe mbele ya kamera, katika suti nyeusi, akifungua kisa, na mwishoni sauti yake ilirudi kukifunga. Wapo wanaolalamika kuwa maneno yake ya mwisho yana mahubiri, na katika vipindi kadhaa lalamiko hilo ni la haki. Lakini tukiuliza kwa nini mwandishi mwenye uwezo wa mazungumzo makali kama yale ya Patterns alihitaji mahubiri, jibu linapatikana katika hali ya fumbo lenyewe. Barazani ufunguo uko tayari mikononi mwa wasikilizaji. Wanamjua msemaji, wanamjua jirani, wanaijua kesi. Mbele ya mamilioni ya watazamaji waliotawanyika katika nchi nzima hakuna ufunguo wa pamoja. Fanani akifumba mbele ya hadhira ya namna hiyo, hana budi kubaki ili alifumbue mwenyewe. Kwa maoni yangu, hotuba za mwisho za Serling ni pengo lililoachwa na mkasi wa mdhamini, likiwa limezibwa kwa sauti ya mwandishi.

Uthibitisho ni kwamba pale ambapo fumbo linajitosheleza katika picha, hotuba huwa haina kazi kubwa. Katika Eye of the Beholder, ya mwezi Novemba 1960, mwanamke aliyefungwa bandeji usoni anasubiri kuona kama matibabu yamemtoa katika ubaya wake, wakati serikali ya nchi yake inahubiri kuwa watu wote wafanane. Nyuso za madaktari na wauguzi zinafichwa na kivuli kwa karibu kipindi kizima. Bandeji inapofunguliwa tunaona mwanamke mzuri kwa macho yetu, na madaktari wenye pua na midomo iliyopinda. Hapa mtazamaji anajihukumu mwenyewe kabla msimulizi hajafungua kinywa, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiusubiri uso mbaya.

4.3 Kurudi kwa jina la mahali

Kama Serling angebaki hapo, tungeweza kuhitimisha kuwa alibadilisha uwazi kwa usalama, akapata umaarufu. Lakini vipindi viwili vya miaka ya mwisho vinaonyesha mwandishi anayerudi kutafuta alichopoteza.

Cha kwanza ni He's Alive, kilichorushwa mwezi Januari 1963. Kijana wa Kimarekani anayejaribu kuanzisha chama cha kinazi anafundishwa mbinu za kuhutubia na mtu aliyejificha kivulini, ambaye hatimaye tunamtambua kuwa ni Hitler. Kijana anakufa, lakini kivuli kinaondoka kutafuta mwingine. Katika maneno ya kufunga msimulizi anauliza kivuli hicho kitatokea wapi, na anataja miji ya Marekani kwa majina, mikubwa na midogo. Mmoja wao ni Syracuse, mji aliozaliwa Serling. Mwandishi aliyelazimishwa mwaka 1956 kuuhamisha mji wenye hatia mbali na mahali pake, miaka saba baadaye aliuweka mji wake mwenyewe katika orodha.

Cha pili ni I Am the Night—Color Me Black, cha tarehe 27 Machi 1964. Katika mji mdogo mtu aliyemuua mbaguzi anasubiri kunyongwa asubuhi, lakini jua halichomozi. Umati umekuja kufurahia kifo, na mchungaji mweusi anaueleza kuwa giza hilo ni chuki iliyojaa mpaka ikafurika. Kitanzi kinafanya kazi yake gizani. Kisha redio inatangaza kuwa giza hilohilo limeonekana mahali pengine, na mahali hapo panatajwa: ukuta wa Berlin, mtaa mmoja wa Dallas, mji wa Birmingham katika Alabama. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu Rais Kennedy auawe Dallas, na miezi sita tangu wasichana wanne weusi wauawe kwa bomu kanisani Birmingham. Hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa.

Kisanaa kipindi hiki ni dhaifu kuliko Maple Street. Mazungumzo yake ni mazito, na wahusika wanasema wanachomaanisha kana kwamba wako mimbarini. Wahakiki wanaokiweka chini wana hoja. Lakini wakikipima kwa msuko peke yake wanakosa kuona kinachotendeka: fumbo limepewa mlengwa. Giza ni la ajabu, redio ni ya kawaida, na redio ndiyo inayoshika ufunguo. Kwa mara ya kwanza tangu kisa cha Till, Serling alifika kusini mwa Marekani akataja jina. Ningependa mwanafunzi wangu asome vipindi vyote viwili, aone kuwa ukamilifu wa umbo na ukamilifu wa shutuma havikupatikana mahali pamoja, kisha ajiulize kama ilikuwa lazima iwe hivyo.

5.0 Darasani

Serling alifundisha kwa mara ya kwanza katika Chuo cha Antioch mwaka 1962, wakati ambapo haikuwa na uhakika kama The Twilight Zone ingeendelea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi kifo chake alifundisha katika Chuo cha Ithaca, New York, karibu na ziwa ambako familia yake ilikuwa na nyumba ya mapumziko. Katika miaka hiyohiyo alikuwa mtangazaji na mwandishi wa Night Gallery (1970–1973), mfululizo uliobeba sura yake ilhali uamuzi wa mwisho juu ya miswada haukuwa wake. Kwa hiyo aliingia darasani akiwa mtu maarufu ambaye, katika kazi yake yenyewe, alikuwa amepoteza mamlaka.

Hali hiyo inaeleza namna alivyofundisha. Aliwaonyesha wanafunzi kazi zake na kuzikosoa mbele yao. Katika mahojiano alikuwa na desturi ya kusema kuwa theluthi moja ya The Twilight Zone ilikuwa nzuri, theluthi ya pili ilipitika, na theluthi ya tatu haikufaa. Mwalimu wa uandishi ambaye ana tuzo sita angeweza kuwapa wanafunzi siri za mafanikio. Yeye aliwapa makosa yake.

Hata nje ya darasa alikuwa na tabia ya kueleza kazi kwa kupitia kilichokosekana ndani yake. Mwaka 1968, katika mhadhara aliotoa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, alirudi tena kwenye kisa cha Till na makato ya mwaka 1956. Miaka 12 ilikuwa imepita, na bado alihesabu. Ninaona katika kurudia huku mbinu ya ufundishaji ambayo haijapewa jina. Kazi iliyorushwa hewani haijitoshelezi kuelezwa. Inasomwa pamoja na rasimu zake, na rasimu zinasomwa pamoja na barua za waliozikataa. Mwanafunzi anayeisoma Noon on Doomsday peke yake atafikiri kuwa mwandishi hakuwa na ujasiri. Akiisoma pamoja na orodha ya makato ataelewa kuwa tamthilia ile ina waandishi wawili, na mmoja wao anauza chuma.

Serling alifariki Rochester, New York, tarehe 28 Juni 1975, baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na umri wa miaka 50. Katika mahojiano ya miezi michache kabla ya hapo aliulizwa angependa kukumbukwaje. Jibu lake lilikuwa fupi: alitosheka iwapo watu wangesema tu kuwa alikuwa mwandishi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imedai kuwa mafanikio ya fumbo hayapimwi kwa kumpita mdhibiti peke yake. Fumbo la Serling lilimpita mdhibiti mwaka 1959, lakini lilichukua miaka mingine minne kumfikia mlengwa, na lilimfikia pale tu mwandishi alipokubali kutaja mahali. Katika safari hiyo alipoteza kitu cha umbo na akapata kitu cha ukweli.

Suala hili si la Marekani ya jana peke yake. Tamthilia zetu za televisheni za Kiswahili zinategemea matangazo ya biashara, na baadhi, kama Siri ya Mtungi ya Tanzania, zimegharimiwa kwa fedha za misaada ya afya. Hakuna ubaya katika hilo lenyewe. Hata hivyo, kila anayetoa fedha ana jambo analotaka lisemwe na pengine jingine analotaka lisisemwe, na wahitimu wetu wataajiriwa kuandika katikati ya matakwa hayo. Tukiwafundisha fumbo kama pambo, watalitumia kama pambo, na wataamini kuwa wamesema.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila tunapofundisha fumbo katika tamthilia au mswada wa televisheni, maswali yetu yawe matatu: nani amefichwa, nani ameshika ufunguo, na mlengwa ataweza kulala usingizi baada ya kutazama? Pili, kozi zetu za uandishi zimtake mwanafunzi atunze rasimu zake na aandike kando ya kila kilichokatwa sababu ya kukatwa kwake, hata kama aliyekata ni yeye mwenyewe kwa hofu. Serling alianza kujikata kabla mdhamini hajamkata. Mzee wa duka la rehani alikuwa wazo lake. Hilo ndilo kato gumu zaidi kuliona, na ndilo mwalimu anaweza kumsaidia mwanafunzi kuliona mapema.